Poda Kabla ya Diploma

Mwanangu alitokwa na vipele vya joto shingoni siku tuliyokwenda kumtembelea dada yangu Midrand, nje kidogo ya Johannesburg. Nikamwosha, nikamkausha, nikaanza kutafuta poda. Dada yangu Furaha ni msusi, ana saluni yake, na nyumba ya msusi haikosi poda. Juu ya kabati la vyombo, nyuma ya mafungu ya nywele za kusukia, niliona kopo la bati la bluu, la zamani, lenye picha ya mtoto mchanga ambaye nusu ya uso wake ilishafutika. Nikanyoosha mkono.

"Siyo hiyo," Furaha alisema nyuma yangu.

Hakupaza sauti. Lakini niliurudisha mkono upesi, kama mtoto aliyetaka kugusa sufuria ya moto. Aliingia chumbani kwake, akatoka na chupa mpya ya plastiki, akanipa, akarudi jikoni kugeuza samaki wake. Nikamimina poda kiganjani, nikampaka mtoto, na ile harufu ilipopanda puani nilishindwa. Nilitoka nje na mtoto begani, nikalia, mtu mzima mimi, huku yeye akinivuta hereni na kucheka.

Utotoni mwangu tuliishi Joubert Park, katikati ya Johannesburg, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sisi hatujafika. Chumba kimoja, pazia katikati, upande wa pili familia ya Warundi wapole ambao hata wakigombana walinong'ona. Upande wetu tulikuwa watatu: mama, Yaya Furaha na mimi. Kwetu Bukavu mkubwa wako huitwa yaya, awe wa kike awe wa kiume, na mpaka leo mbele yake sithubutu kumwita kwa jina tupu. Baba alibaki nyuma vitani. Kwetu hilo lilikuwa jambo la kuombewa, si la kuulizwa.

Mama alikuwa na kiti chake katika saluni ya Mama Solange, chini ya jengo, mlango unaotazama barabara. Mama Solange naye alikuwa mtu wa Bukavu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, akageuka, na aliyejua dhambi za kila muumini wa kanisa letu. Saluni ilinukia mafuta ya nazi, nywele za bandia zilizochovywa kwenye maji ya moto, na poda. Mama hakumruhusu mteja aondoke kabla hajampangusa shingo kwa brashi yenye poda. Alisema mteja akiondoka ananukia, atarudi. Kopo lake lilikuwa la bluu.

Niseme mapema, nisije nikamchezea anayesoma: mama yangu alikuwa mgonjwa wa figo, na alijua hana maisha marefu. Yaya Furaha alijua nusu. Mimi sikujua kitu, nilikuwa mtoto wa kurukaruka kamba kwenye korido. Na mama alikuwa na haja moja tu duniani, aliyoisema waziwazi kila Jumapili katika maombi mpaka hata Warundi wa nyuma ya pazia wakaitikia amina: amwone Furaha amemaliza chuo kikuu, kwa macho yake.

Mwenyewe hakumaliza hata sekondari. Vita viliingia akiwa mwaka wa mwisho. Kwa asiyejua mambo ya kwetu, Congo matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, aliyefaulu humwagiwa poda. Hanyunyiziwi, humwagiwa, kichwani, mpaka nyusi zinakuwa nyeupe kama za babu. Hutembea hivyo mtaani mchana kutwa akiimba na wenzake, na hakuna mwenye akili timamu anayejifuta. Mama alitusimulia hayo mara nyingi, vidole vikienda kwenye nywele za watu. Mwaka wao, alisema, poda ilibaki madukani.

Sasa Furaha alikuwa na kichwa cha hesabu. Alikirithi kwa nani hatujui, maana mimi kuzidisha tu kulinitoa machozi. Mwalimu wake wa hesabu, Mzimbabwe mmoja mrefu aliyevaa tai hata siku za joto, akampendekeza kwenye mpango wa chuo kikuu kimoja pale mjini. Walichukua wanafunzi wachache wa sekondari, wakawasomesha chuoni kila Jumamosi somo zima la mwaka wa kwanza, na mwisho wakawapa mtihani uleule wa wanafunzi wa chuo. Ukifaulu, alama zako zinatunzwa. Siku utakapojiandikisha chuoni, somo lile hulirudii tena, unaanza ukiwa umeshatangulia.

Furaha alimweleza mama Jumapili moja tukila bugali na sombe, kisamvu cha kwetu. Mama hakuelewa mara moja, na hakuwa mtu wa kujifanya ameelewa.

"Sasa iko chuo, ao haiko chuo?"

"Iko chuo, mama. Lakini mimi bado niko sekondari."

"Mutu anakuwa fasi mbili namna gani?"

Furaha akafikiri, tonge la bugali mkononi. "Ni kama umesuka mteja mistari ya mbele leo, halafu giza likaingia. Akirudi kesho, utaifumua?"

"Apana! Nitaanzia pale niliachia."

"Basi ndiyo hivyo, mama."

Mama alitafuna polepole. Nakumbuka mafuta ya mawese kwenye pembe ya mdomo wake, na jinsi alivyosahau kuyafuta. "Inapunguza muda?" aliuliza.

"Inapunguza. Kidogo tu lakini."

"Kidogo inatosha," mama alisema. "Utaenda."

Taabu ilikuwa Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ya saluni, wateja wamepanga foleni mpaka mlangoni, kesho kuna kanisa, kuna harusi, kuna mtu anapanda basi kwenda kwao. Siku hiyo Furaha alikuwa mikono ya pili ya mama, tena mikono ya haraka. Mama Solange aliposikia, akaweka chanuo chini.

"Jumamosi? Weye, na vidole vyako vile? Mama Furaha, haraka haraka haina baraka. Acha mutoto amalize sekondari. Chuo atakikuta palepale, hakina miguu."

"Na ngoja ngoja inaumiza tumbo," mama akajibu, akashika ubavu wake.

Wateja wakacheka. Nami nikacheka, nikadhani ni utani wa wakubwa. Mama Solange akaokota chanuo lake, akamrudia mteja wake.

Basi mimi nikashika nafasi ya yaya. Kazi yangu ilikuwa kuchambua meshi, ndivyo tulivyoziita nywele za kusukia. Unalivuta fungu, unaligawa mashada membamba yaliyo sawa, unayatundika kwenye mgongo wa kiti, mama ananyoosha mkono bila kutazama na wewe unampa. Ukimpa nene, anarudisha. Ukimpa jembamba, anarudisha. Nilijiona mtu mkubwa sana. Mteja akiuliza dada yako yuko wapi siku hizi, nilijibu kabla mama hajafungua mdomo: "Yuko chuo kikuu." Nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza ndizi nje.

Majira yale mama alianza kunenepa. Ndivyo nilivyoona mimi. Asubuhi uso wake ulikuwa umejaa, mashavu yanang'aa, macho yamekuwa madogo kama ya mtu anayecheka. Miguu ilijaa hadi kamba za ndala zikazama. Nilifurahi jamani! Kwetu mwanamke akinenepa ujue nyumba yake imetulia. Mama za wenzangu wa kanisani walikuwa wanene, wangu tu ndiye alikuwa mwembamba tangu nimjue, na sasa Mungu alikuwa ametukumbuka. Hata kanisani walimwambia, "Mama Furaha, umenona! Johannesburg imekukubali!" Naye akacheka nao, akawashika mikono.

Jioni alipokaa kitandani nilimbonyeza mguu kwa kidole gumba. Kishimo kilibaki pale, hakikuondoka haraka. Nikapata mchezo. Nikabonyeza kingine, na kingine, nikatengeneza macho na mdomo, nikamwonyesha mama kuwa mguu wake unacheka. Alinitazama tu. Aliniacha nicheze. Yaya Furaha akaja toka upande wa jiko, akaona, akanipiga kofi la mkono, pwaa, akatoka kwenye korido na hakurudi upesi. Nikamwona ana roho mbaya, chuo kimempa maringo.

Jumamosi moja mteja wa harusi hakutokea, na mama akavua aproni katikati ya siku, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Twende tukaone fasi yaya yako anasoma," akasema. Chuo hakikuwa mbali, ukipita upande wa stesheni na kupanda kuelekea Braamfontein, kwa miguu ya mtoto ni mwendo wa kuimba nyimbo chache. Lakini siku ile hatukufika. Namaanisha, tulifika, ila ilichukua karne. Kwenye kila robot mama alisimama, na taa ikiwa kijani bado alisimama, ameshika nguzo, watu wakitupita. Nikamvuta, "Mama, ni kijani!" Akasema, "Ngoja kijani ingine." Nikajiambia mama yangu hajui robot. Nikamwonea huruma, nikamfundisha njia nzima: nyekundu simama, kijani nenda. Aliitikia kila mara, "Eeh, asante mwalimu."

Getini kulikuwa na mlinzi. Alipotusikia tukizungumza aliachana na Kiingereza chake, akatusalimia kwa Kiswahili cha Lubumbashi, akataka kujua habari za nyumbani, akampa mama kiti chake cha plastiki. Lakini kutuingiza alikataa. "Bila kadi, mama, siwezi. Watanifukuza kazi."

"Haina neno," mama alisema. "Mi nataka kuona tu."

Tukakaa. Hatimaye wanafunzi wakaanza kutoka, makundi makundi, na katikati ya kundi moja alikuwa Yaya Furaha. Sikumtambua kwanza. Alikuwa anabishana na kijana mmoja juu ya swali fulani, anaandika hewani kwa kidole, faili limebanwa kifuani, anacheka kwa mdomo wazi. Nyumbani hakucheka hivyo. Nikavuta pumzi nimwite, na mama akanishika mkono, akaukaza.

"Usimuite."

Furaha akapita mbele ya geti, hatua chache tu kutoka kwetu, akavuka barabara na wale wenzake, akapotea. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka mwisho. Kisha akamshukuru mlinzi, akamrudishia kiti chake, tukaanza safari ya kurudi, robot kwa robot. Nilinuna njia nzima. Mtu unatembea kote huko, mtoto wako anapita mbele yako, na humwiti? Lakini mama alikuwa anaimba kidogokidogo, wimbo wa kwaya, na alipochoka kuimba alitabasamu peke yake.

Mwisho wa mwaka ukafika, mvua za alasiri zikaanza. Furaha alifanya mtihani wake wa chuo, akasubiri, akakonda. Mama naye akasubiri, na "akazidi kunenepa". Siku moja, wiki ile shule zilipokaribia kufungwa, nilikuwa saluni nachambua meshi, mama amefika katikati ya kichwa cha mteja, tukasikia mtu anakimbia. Furaha akasimama mlangoni na sare zake za shule, anahema, soksi moja imeshuka.

"Nimepita, mama. Mwalimu amepigiwa simu. Nimepita vizuri."

Mama akaachia shada. Nasema akaliachia, likabaki likining'inia nusu, na mama hakuwahi kuachia shada katika maisha yake. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kopo la bluu, akamshika Furaha mkono, akamtoa nje barabarani. Tukatoka wote, Mama Solange, mimi, mteja mwenye kichwa nusu. Na pale kwenye kibaraza, mbele ya wauza ndizi na wapita njia wote wa Joubert Park, mama akafungua kopo, akampindulia mwanawe kichwani.

Poda ilishuka kama moshi. Ikaingia kwenye nywele, kwenye nyusi, kwenye kola, juu ya sweta ya kijani kibichi ya shule. Mama akapiga kigelegele. Pumzi ikamkatikia katikati, akashika ukuta, akakianza tena.

Bibi mmoja aliyekuwa akichoma mahindi pembeni akaacha kupepea moto. "Hawu! Uyathwasa yini?" akauliza. Kwa hao bibi wa Kizulu, msichana aliyepakwa weupe usoni ni yule aliyeitwa na mizimu ya kwao awe mganga. Alisimama kabisa kwa heshima. Baadhi ya watu wakacheka, wengine wakatoa simu wapige picha.

Mama Solange yeye hakucheka. "Mama Furaha! Poda inamwagwa diploma ikitoka! Iyi ni nini? Somo moja? Utamufungia mutoto njia! Asipomaliza, utasema nini?"

Na Furaha mwenyewe, jamani, Furaha alitaka ardhi impasukie. Alijikung'uta mabega, poda ikazidi kuruka. "Mama, please! Batu banaangalia! Haiko diploma, mama. Ni somo moja tu!"

"Minajua."

"Unajua nini? Bado nina mwaka muzima wa sekondari. Bado chuo chenyewe, miaka yote ile..."

"Minajua, mutoto wangu." Mama alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. "Ile ya diploma watakumwagia. Iyi njo yangu."

Furaha akaacha kujikung'uta. Alimtazama mama usoni, ule uso uliojaa, akautazama kwa muda. Kisha mikono yake ikashuka, akainamisha kichwa mbele, chini kabisa, kama mteja anayeoshwa nywele. Mama akammiminia tena, taratibu safari hii, akisambaza kwa kiganja mpaka kwenye kisogo. Machozi ya yaya yakachora njia mbili nyeusi kwenye ule weupe.

Mimi nikajua analia kwa aibu. Nikajua pia kwamba mama, maskini, kachanganya mambo. Hakusoma, nikawaza, hajui tofauti ya somo na diploma, kama asivyojua robot. Nikamvuta aproni, nikamwelewesha kwa upole, kwa Kiingereza changu cha shule, kwamba hii bado siyo yenyewe. Mama akanipaka poda kwenye pua. "Na weye," akasema, "weye nawe utamwagiwa."

Kisha akalitikisa kopo sikioni, akalifunga, akampa Furaha. "Inayobaki ni ya siku yenyewe. Usipanguse nayo mteja."

Akarudi ndani kumalizia kichwa cha yule mteja. Siku hiyo alimpangusa shingo kwa kitambaa kikavu.

Mama alifariki majira ya baridi yaliyofuata, Furaha akiwa katikati ya mwaka wake wa matriki, ule wa mwisho wa sekondari. Hospitali walikuwa wamemtoa maji mwilini, na walipotuonyesha, ndani ya jeneza alilala mwanamke mwembamba, mifupa ya mashavu imesimama. Nikawaambia watu wamekosea. Mama yangu ni mnene, nikasema, siyo huyu. Nililisema kwa sauti kubwa, mbele ya kanisa zima, na wale akina mama waliosema Johannesburg imemkubali wakaangua kilio. Yaya Furaha akanibeba, ingawa nilishapita umri wa kubebwa, akanitoa nje, akaniambia yote pale kwenye ngazi: figo, maji, vishimo vya mguuni, robot. Ndipo Mama Solange naye akaongeza lake, akilia, kwamba wiki ileile ya poda daktari alikuwa amemwambia mama kuwa imebaki miezi tu, wala mama hakutaka mtu ajue. Na yeye Mama Solange alikuwa amemgombeza barabarani. Mpaka anarudi Bukavu, miaka ile ya baadaye, hakuacha kulitaja hilo.

Furaha alifaulu matriki yake. Alifaulu vizuri kupita wenzake wengi, na chuo kilekile cha Jumamosi kikampa nafasi. Lakini nani angenilea mimi? Nani angelipa kile chumba? Kiti cha mama kilikuwa wazi, wateja wa mama walikuwa wanauliza, na mikono iliyojua kusuka kama mama ilikuwa mikono ya Furaha. Akakaa kwenye kile kiti. "Mwakani," alisema. Nilimsikia akimwambia mwalimu wake wa hesabu, aliyekuja mwenyewe mpaka saluni, tai yake shingoni, akasimama kati ya vichwa vilivyojaa mafuta asijue aweke wapi mikono. "Mwakani, mwalimu. Mdogo wangu akikua kidogo."

Nikakua kidogo. Nikakua sana. Kila mwanzo wa mwaka kulikuwa na jambo: kodi, vibali vyetu vya ukimbizi vya kuhuisha, sare zangu, ada zangu. Lile somo lake, alilolisomea Jumamosi zote zile wakati mama akisuka peke yake kwa vidole vilivyovimba, lilikaa likimngoja huko chuoni. Mimi nilidhani litamngoja milele. Nilidhani kilichosukwa kimesukwa. Siku moja, nikiwa mimi mwenyewe nakaribia kumaliza shule, alipiga simu chuoni kuuliza. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Aliuliza kwa Kiingereza chake kizuri, akasikiliza, akasema asante, akasema hapana shida, akasema asante tena. Alama zile zilikuwa na mwisho wake, walimwambia. Asiyejiandikisha ndani ya muda, zinafutika, anaanza mwanzo kama wengine wote. Akakata simu, akachukua brashi, akaendelea na mteja.

Mimi ndiye niliyevaa joho. Nimesomea uuguzi, wodi ya figo, na anayetaka kuniuliza kwa nini asiniulize. Siku ya mahafali Furaha alikuja na kopo jipya, kubwa, akanimwagia nje ya ukumbi mbele ya watu wote, akapiga kigelegele mpaka sauti ikakauka. Nilirudi nyumbani mweupe ndani ya teksi, abiria wanasogea mbali nami, na sikujifuta hata jicho. Lakini niliangalia vizuri. Lile kopo la bluu hakuja nalo.

Basi jioni ile Midrand, tulipokwisha kula samaki na mwanangu amelala kwenye kochi, vipele vimetulia, nilijikaza nikauliza.

"Yaya, lile kopo."

Alikausha mikono kwa kanga, akapanda kwenye kiti kidogo, akalitoa nyuma ya yale mafungu ya nywele, akaliweka mezani katikati yetu. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka.

"Bado unafikiria kurudi shule?" nikauliza.

"Mwakani," alisema, na tukacheka wote wawili, kicheko kifupi ambacho hakikuwa na mwisho mzuri. Nywele za pembeni mwa kichwa chake zimeanza mvi. Alilitikisa kopo sikioni kama mama alivyofanya, akalifungua kifuniko kwa ukucha, akafumba macho, akanusa. Uso wake ukalegea. Kwa muda aliokuwa amefumba macho alikuwa yule msichana wa getini, anaandika hewani kwa kidole.

Akalisukuma kwangu. "Bado inanukia, siyo?"

Nikainama, nikanusa. Nikanusa tena, kwa nguvu. Kulikuwa na harufu ya bati, na ya kutu kidogo. Poda haikunukia kitu.

"Inanukia, yaya," nikasema.

Akalifunga, akalibana kifuniko kwa kiganja mpaka kikalia, akalirudisha nyuma ya nywele.